Samadi na mbolea ya viwandani kwenye maboga: yanayoaminiwa na ukweli wake

Wanaolima maboga, matango, mamumunye na matikiti maji mara nyingi hugawanyika kambi mbili: wa samadi na wa mbolea ya dukani. Mabishano hayo huwapunguzia mavuno wote, kwa kuwa kila mbolea ina kazi ambayo nyingine haiiwezi.

"Mbolea ya viwandani huua udongo."

Mzizi hunyonya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ikiwa katika maumbo yanayoitwa naitreti au amoniamu, na hautofautishi iliyotoka zizini na iliyotoka kiwandani. Katika shamba la majaribio la Broadbalk, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako ngano imekuwa ikipandwa tangu 1843, vipande vinavyopewa mbolea ya viwandani peke yake bado vinazaa. Ila vile vinavyotiwa samadi kila mwaka vina kaboni, yaani kipimo cha mboji, zaidi ya maradufu kwenye udongo, na aina za ngano za kisasa zimestawi sana pale samadi ilipoongezewa naitrojeni ya viwandani.

Hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Urea (mbolea ya naitrojeni tupu) na DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi) zikitumika msimu baada ya msimu bila kitu kingine, udongo huzidi tindikali, na jamii ya maboga hupenda pH (kipimo cha tindikali) ya 6 hadi 6.8 hivi. Mboji hupunguza kasi ya badiliko hilo. Udongo ukishachachuka, dawa yake ni chokaa.

"Samadi ikiwa nyingi, inatosha."

Tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kuzipata kwenye samadi yenye naitrojeni asilimia 1 kunahitaji kilo 2,300, na sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo haitaachiliwa msimu wa kwanza. Tango huanza kuvunwa ndani ya takriban miezi miwili. Mmea utashikwa na njaa samadi ikiwa bado inaoza. Thamani ya samadi naiona zaidi kwingine: inatunza maji, inalegeza udongo mzito, na inashikilia virutubisho vya mbolea ya dukani visikokotwe na mvua.

"Kuchanganya ni kutia zote shimoni siku moja."

Hapa ndipo wengi huunguza miche. Samadi mbichi, hasa ya kuku, hutoa amonia na joto, na ile ya ng'ombe huja na mbegu za magugu. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wa shimo wiki mbili hivi kabla ya kupanda. DAP au NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iwekwe wakati wa kupanda, kando ya mbegu kama sentimita 5, isiiguse. Mbolea ya kukuzia, kama urea, igawanywe: sehemu mmea unapoanza kutambaa, sehemu matunda yanaposhika. Urea ifukiwe udongoni penye unyevu, kwani ikibaki juu naitrojeni yake hupotea hewani. Majivu yasichanganywe na urea wala DAP, kwa sababu hiyohiyo.

"Maua yakidondoka, ongeza urea."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana hugharimu fedha na kuharibu zao kwa pamoja. Kwenye maboga, maua ya kwanza kwa kawaida ni dume: hufunguka asubuhi, humaliza kazi na kuanguka. Hayo si upungufu wa kitu chochote. Ua jike utalitambua kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Ukimwaga urea wakati huo, mmea hukimbilia majani na mitambao, na maua jike huchelewa. Shamba linakuwa la kijani kibichi kizuri lisilo na mzigo.

Kitunda kikigeuka njano na kusinyaa, mara nyingi ua halikupata chavua ya kutosha. Angalia nyuki kabla ya kwenda dukani. Dawa za wadudu zisipulizwe maua yakiwa wazi, na pasipo nyuki unaweza kuchuma ua dume asubuhi na kupaka chavua yake kwenye ua jike. Mumunye lina maua meupe yanayofunguka jioni, kwa hiyo lishughulikiwe saa hizo. Matunda yakishashika, potasiamu huhitajika kwa wingi. NPK yenye potasiamu ya kutosha inafaa kuliko urea tupu.