Mayai milioni si samaki milioni

Nimeambiwa tena. Safari hii ni soko la Mwanjelwa, Mbeya, na aliyeniambia ni mzee ninayemheshimu, muuza chakula cha kuku: "Bwana Samaki, mnawasumbua wavuvi bure. Samaki mmoja anataga mayai milioni, wataishaje hao?" Kijana aliyekuwa anapakia magunia akamalizia na ile ya pili, ambayo huwa haikosi: "Na mbona sokoni wamejaa?" Gari la Kyela lilikuwa linanisubiri, nikajibu, "Haya mzee wangu, tutaongea." Ndiyo tunaongea sasa, maana nimechoka kulijibu swali hili nikiwa nimeshika mlango wa Coaster.

Nianze kwa kumtetea mzee. Hoja yake imewahi kutolewa na watu wenye majina makubwa. Mwaka 1883, kwenye maonyesho ya kimataifa ya uvuvi jijini London, mwanabiolojia Thomas Huxley alisema uvuvi wa kodi (samaki wa bahari za baridi, cod kwa Kiingereza, si ile ya TRA), na pengine uvuvi wote mkubwa wa baharini, hauwezi kumalizwa. Kwa haki yake, alizungumzia zana za wakati ule. Meli za kukokota nyavu zenye viwanda vya kugandisha samaki ndani yake hakuziona. Kodi wa Newfoundland, Kanada, wamevuliwa kwa karne nyingi. Mwaka 1968 pekee walitolewa tani zipatazo 800,000. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ikafunga uvuvi huo, na watu wanaokadiriwa 30,000 wakakosa kazi. Majike ya kodi yalikuwa yanataga mamilioni ya mayai muda wote huo. Zuio lile limekuja kuondolewa mwaka 2024, tena kwa kiwango kidogo cha kuvua.

Sasa hayo mayai. Mtu akisikia milioni anaona utajiri, mimi naona msiba. Kama idadi ya samaki haipandi wala haishuki, maana yake kila jike, katika maisha yake yote, anaacha kwa wastani wawili tu wanaofikia umri wa kuzaa. Wawili! Wengine wote wameliwa wakiwa mayai, wamekufa njaa siku chache baada ya kuanguliwa, au mkondo umewapeleka pasipo na chakula. Kwa hiyo milioni haikuambii kwamba wanaongezeka sana. Inakuambia kwamba wanakufa sana, ndiyo maana jike analazimika kutaga kiasi hicho. Watu wa Rungwe na Njombe ndio hasa hawapaswi kunibishia hapa: mparachichi mmoja mkubwa unaweza kutoa maua hadi milioni, na hakuna benki iliyowahi kumkopesha mkulima kwa kuhesabu maua.

Halafu kuna kitu hakuna anayeuliza: hayo mayai yanatagwa na nani? Hapa ndipo ninapopandisha sauti kwenye semina, na naomba radhi kwa waliowahi kukaa mstari wa mbele. Watu huhesabu samaki kwa kilo, kana kwamba majike kumi wa kilo moja ni sawa na jike mmoja wa kilo kumi. Si sawa hata kidogo. Kodi jike mmoja wa kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili, ambao ukiwaweka wote kwenye mizani wanafika kilo 56. Soma tena hiyo sentensi. Na si kodi peke yake. Spishi nyingi za baharini zilizopimwa zinaonyesha hivyo hivyo: jike akikua, mayai yanaongezeka kwa kasi kuliko uzito wake. Mara nyingi na yai lenyewe huwa kubwa zaidi, na kifaranga anaanza maisha na akiba. Yaani yule samaki ambaye mvuvi anapigwa naye picha ndiye kiwanda.

Nenda Kyela msimu wa mvua, mbasa wanapotoka Ziwa Nyasa kupanda mito kwenda kutaga. Mama muuzaji anamlaza samaki chali, anamminya tumbo kwa dole gumba kutoka kifuani kushuka chini, na mayai machache yanachomoza. "Huyu ana mayai, baba." Bei imeshapanda kabla hujajibu. Simlaumu mama yule. Mimi mwenyewe nayapenda mayai ya samaki, yakaangwe na kitunguu na pilipili mbichi. Lakini utaratibu wa bei ndio huo, ziwani na baharini: tunalipa zaidi kwa yule ambaye tungepaswa kumwacha.

Nikifika hapo, hakosi mtu wa kusimama na kusema, "Basi dawa ni kupiga marufuku nyavu za macho madogo." Hapana, bwana. Ama niseme: ndiyo, lakini si hivyo tu. Jicho kubwa linawaokoa watoto na kuupeleka wavu wote kwa mama zao. Ndiyo maana kwa sangara wa Ziwa Viktoria sheria iliweka mipaka miwili, wasivuliwe walio chini ya sentimeta 50 wala walio juu ya 85. Kwenye karatasi ilikuwa sheria nzuri kuliko nyingi ninazozijua. Kisha bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, ikapanda, na bondo kubwa liko ndani ya samaki mkubwa. Jaza mwenyewe.

Na hata hilo la mama wakubwa halikai sawa kwa kila samaki. Chewa wa miamba huanza maisha akiwa jike, akikua anageuka dume. Ukivua wakubwa tu umemaliza madume, ukabaki na majike wanaosubiri. Pono wengi nao wana tabia hiyo. Dagaa ni kesi nyingine kabisa: yule unayemwona mdogo ni mtu mzima mwenye familia, na huwezi kumvua kwa wavu wa jicho la sangara. Kuna wenzangu wanaokwenda mbali zaidi, wanasema ni heri kuvua kidogo kidogo kwa ukubwa wote, wadogo kwa wakubwa, kuliko kung'ang'ania wakubwa peke yao, na mifano yao mingi inatoka kwenye maziwa ya Afrika. Nimezisoma hoja zao nikitafuta pa kuzivunja. Sijapaona pa kutosha. Ila siwezi kusimama kwenye kikao cha BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, nikasema "vueni na watoto kidogo," kwa sababu neno "kidogo" litakuwa limesahaulika kabla chai haijaletwa.

Turudi kwa yule kijana na soko lake. Meza ya samaki ya Mwanjelwa ina dagaa wa Mwanza, migebuka ya Kigoma, usipa wa Kyela, perege wa Mtera, na vibua waliogandishwa wakaja kwa maboksi. Mmoja akipungua, mwingine anaziba nafasi yake, na meza haikai tupu hata siku moja. Ni kazi ya wafanyabiashara na barabara, na wanaifanya vizuri. Bahari haihusiki.

Tena hata mvuvi mwenyewe anaweza kujaza boti huku samaki wanakwisha. Kodi wa Kanada walipopungua hawakutawanyika, walijikusanya pamoja, na meli zenye vifaa vya kuwatafuta zikaendelea kupata mizigo mizuri hadi karibu na mwisho. Wataalamu wakaisoma mizigo ile kama afya. Takwimu za dunia nazo zinasomeka hivyo hivyo: samaki wanaovuliwa baharini wamekuwa karibu tani milioni 80 kwa mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ukiangalia haraka unasema mambo ni shwari. Lakini kwa hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, makundi ya samaki yanayovuliwa kupita uwezo wake yalikuwa asilimia 10 mwaka 1974. Mwaka 2021 yalikuwa asilimia 37.7. Kiasi ni kile kile, ila kinatoka mahali pengine, kina kirefu zaidi, na kwa samaki ambao babu zetu wangewarudisha majini.

Chini ya maji kunatokea nini? Si utupu. Hili ndilo watu wa pande zote mbili, wanaosema samaki hawaishi na wanaosema wanakwisha, hawataki kulisikia.

Chukua miamba ya pwani ya Kenya, iliyochunguzwa kwa miaka mingi. Kuna samaki anaitwa kikande, mwenye meno magumu, ambaye wavuvi wengi hawamthamini. Anaingia tu kwenye dema pamoja na changu na tasi. Kazi yake ni kuwapasua na kuwala wale viumbe wa duara wenye miiba wanaowachoma watu miguu kwenye mwamba. Vikande wakivuliwa wakaisha, wenye miiba wanajaa, wanaukwangua mwamba usiku na mchana, na majani waliyokuwa wanakula pono na tasi yanakwisha. Ukiufunga mwamba leo, samaki wengi wanaanza kurudi mapema. Kikande anachukua miaka mingi zaidi, na mpaka arudi wenye miiba hawatoki. Namibia ilivua sardini wake hadi wakaporomoka, na sehemu kubwa ya maji yale ikatawaliwa na yavuyavu (jellyfish). Newfoundland, kodi walipoondoka, kamba na kaa wakaongezeka, na thamani ya mavuno ikaja kupita ya enzi za kodi. Ndiyo, kupita. Mwanaharakati huwa hasimulii hilo. Na anayesimulia huwa hasemi kwamba fedha ile haikurudi kwa wale wale 30,000.

Kwa hiyo wanangu wa mitandaoni, na ninyi niacheni na ile ya "mwaka 2048 baharini hakutakuwa na samaki." Mwaka 2006 Boris Worm na wenzake walichapisha utafiti uliokuwa na mstari ulionyooshwa mbele hadi kwenye mwaka huo: kama mwenendo usingebadilika, spishi zote zinazovuliwa zingekuwa zimeporomoka. Kuporomoka kule kulimaanisha mavuno kushuka chini ya asilimia 10 ya kilele chake, si samaki kutoweka. Mwaka 2009 Worm huyo huyo, pamoja na Ray Hilborn aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, waliandika pamoja wakionyesha kwamba penye usimamizi mzuri makundi mengine yalikuwa yameanza kupona. Mzee wa Mwanjelwa akikuta umemtisha kwa 2048, na siku yenyewe ikafika dagaa wapo, hatanisikiliza tena mimi.

Na kuna mengine yananisumbua usiku. Anchoveta wa Peru, samaki wadogo kama dagaa, walivuliwa zaidi ya tani milioni 12 mwaka 1970, wakaporomoka mwaka 1972 na 1973. Ni nyavu au ni El Niño? Jibu la vitabuni ni "vyote viwili," na ni jibu sahihi lisilonisaidia, kwa sababu usipa nao hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na mkutano unataka niseme kama ni mvua au ni wavuvi. Takwimu zangu? Mwandishi wa mwaloni anahesabu ndoo. Ndoo ya huyu imejaa kwa kilima, ya yule imepungua vidole viwili, na boti iliyofika saa nane usiku haimo daftarini. Kisha tunachora grafu nzuri.

Najua pia mnachotaka kuuliza wafugaji, maana Iringa hadi Tukuyu kila mwenye kijito ana bwawa: "Si tufuge, bahari ipumzike?" Perege anayekula pumba na kijani cha bwawa, sina neno. Ila ukinunua dagaa wa kumsagia, umetoa samaki majini ukamlisha samaki, na hujapumzisha chochote. Kuku ni vivyo hivyo, mzee wangu. Magunia yale aliyokuwa anayapakia kijana, robo yake tu nilivyoyanusa ilikuwa dagaa na uduvi, na wengi wa dagaa wale walikuwa wazima wa kuliwa na watu. Kuna mashudu ya alizeti, kuna soya, kuna wanaojaribu funza. Bei nayo naijua, msinitumie ujumbe. Hiyo mtaongea na bwana mifugo.