Garratt za daraja la 59: yanayosemwa na ukweli wake

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi kuna kichwa cha treni cha rangi ya damu ya mzee, namba 5918, jina lake Mount Gelai. Kina urefu wa karibu mita 32, na kikijazwa maji na mafuta uzito wake hupita tani 250. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya daraja la 59, vya mvuke na vya aina iitwayo Garratt, ambavyo kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliviunda mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Wageni hupiga picha mbele yake kila siku, na mengi wanayosimuliana kukihusu si kweli. Kinastahili kuelezwa vizuri zaidi ya hapo.

La kwanza ni hili la kwamba mashine hizi ndizo zilizojenga reli ya Uganda, enzi za simba wa Tsavo. Naelewa linakotoka, maana behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900 limehifadhiwa kwenye makumbusho hayohayo. Lakini ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Kisumu mwaka 1901, kwa vichwa vidogo visivyokaribia ukubwa huu. Garratt za kwanza ziliingia kwenye reli ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Daraja la 59 lilikuja miaka mingine 30 baadaye, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 vichwa hivi vilikuwa bado havijafikisha miaka kumi kazini.

Dhana inayoshika zaidi ni kwamba hivi ni vichwa viwili vilivyofungwa mgongo kwa mgongo. Ukikitazama kwa mbali kweli unaweza kudhani hivyo: magurudumu makubwa manane mbele, manane nyuma, na silinda pande zote mbili. Sogea karibu, uiname utazame chini ya boila. Hakuna gurudumu hata moja pale. Boila ni moja tu, nalo limelala juu ya fremu ndefu iliyoning'inizwa kati ya mitambo miwili kama machela kati ya wachukuzi wawili. Kila mtambo una egemeo lake na hugeuka peke yake kwenye kona, huku mabomba yenye viungo vinavyopinda yakiupelekea mvuke. Ule wa mbele umebeba tangi la maji, wa nyuma mafuta na maji mengine. Dereva ni mmoja na moto ni mmoja.

Aliyebuni mpango huo ni Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hataza mwaka 1907. Vichwa viwili vya kwanza vilijengwa mwaka 1909 kwa ajili ya kijireli cha Tasmania chenye upana wa milimita 610 tu. Garratt alifariki mwaka 1913, kabla ya wazo lake kuenea Afrika.

Hapo ndipo inapoporomoka dhana nyingine, kwamba reli nyembamba ya mkoloni haikuweza kubeba ila mashine dhaifu. Reli ya Mombasa ina upana wa mita moja. Kichwa cha kawaida hukaliwa na boila juu ya magurudumu yake, kwa hiyo tanuri na boila hubanwa na nafasi iliyopo. Kwenye Garratt chini ya boila ni wazi, kwa hiyo wahandisi waliweza kulinenepesha: boila la daraja la 59 lina kipenyo cha karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli yenyewe! Uzito nao ukagawanywa kwenye ekseli 14, hata ile iliyolemewa zaidi ikabeba takriban tani 21 tu. Matokeo yake ni nguvu ya kuvuta inayokaribia tani 38. Treni ya tani 1,200 ilitoka usawa wa bahari, ikapanda Mazeras, ikakata nyika ya Taru na kufika Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu, ikivutwa na kichwa kimoja.

Kasoro ilikuwepo pia. Maji yakipungua kwenye matangi, uzito unaokandamiza magurudumu hupungua, na uwezekano wa magurudumu kuteleza kwenye mlima huongezeka.

Wapo wanaovuka mpaka upande wa pili na kukiita kichwa kikubwa kuliko vyote duniani. Hapana. Big Boy za Marekani za mwaka 1941 zilikizidi, na hata kati ya Garratt, ile moja iliyoundwa kwa ajili ya Urusi ya Kisovieti mwaka 1932 ilikuwa nzito zaidi. Hizo zote zilitembea kwenye reli pana. Kwenye reli ya mita moja, popote duniani, hakuna kichwa cha mvuke kilichokizidi hiki.

Wengine hudhani vilichoma makaa ya mawe, lakini daraja la 59 lilichoma mafuta mazito. Hata hivyo mchochea moto hakukaa bure. Alirekebisha mafuta na hewa huku akiusoma moshi, na kama ilivyo kwa boila nyingi za mafuta, mara kwa mara mchanga ulirushwa tanurini ili mvuto wa hewa uupitishe kwenye mabomba na kukwangua masizi.

Majina nayo yamezua mkanganyiko. Kuna wanaodhani vichwa hivi viliitwa kwa majina ya magavana. Hao walikuwa wa daraja la 60, dogo kuliko hili, na majina hayo yaling'olewa baada ya uhuru. Daraja la 59 lilipewa milima, tena si ya Kenya peke yake. Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Ruwenzori nao ulikuwemo, kwa upande wa Uganda. Mtanzania anayesikia kwamba hii ni historia ya Wakenya akumbuke kwamba kichwa cha pili kilichohifadhiwa Nairobi, namba 5930, kinaitwa Mount Shengena, mlima wa Upare.

Tena si SGR iliyoviondoa. SGR ilianza safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Vichwa vya dizeli ndivyo vilivyochukua kazi, na daraja la 59 liliondolewa kidogokidogo kuanzia mwaka 1973 hadi 1980, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1977, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika. Ukitoa Gelai na Shengena, vile vingine 32 vilikatwakatwa vikawa chuma chakavu.