Kapteni, naomba lifti

Mpwa wangu anasomea urubani. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Shikamoo mjomba. Hivi ukitoka Columbus kwenda kazini Chicago, nauli unalipa wewe au inalipa kampuni?" Nikamjibu kwamba halipi mtu, naomba lifti. Akadhani nimemkwepa, kwa hiyo nimeona niandike kwa urefu, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Mimi ni rubani msaidizi katika shirika moja la ndege za abiria hapa Marekani. Familia yangu iko Columbus, jimbo la Ohio, na kituo changu cha kazi ni uwanja wa O'Hare, Chicago. Kwa kampuni, kazi inaanza ninaporipoti O'Hare. Nimefikaje pale, hilo ni juu yangu. Marubani wanaoishi mbali na vituo vyao namna hii ni maelfu, na kinachotubeba ni kiti cha kukunja kilichomo ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya wale wawili wanaorusha ndege. Sisi tunakiita jampsiti.

Kiti hicho hakikuwekwa kwa ajili yetu. Kipo kwa ajili ya wakaguzi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na wakufunzi wanaokuja kupima marubani. Mkaguzi akitokea na kitambulisho chake, hata kama nimeshafunga mkanda, nainuka nampisha. Asipokuwapo, rubani wa shirika jingine anaweza kukalia, mradi mashirika yote mawili yawe yameandikiana makubaliano, utambulisho wake uwe umehakikiwa, na kapteni awe ameridhia. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Makubaliano yanaweza kuwapo, mfumo ukasema ndiyo, mhudumu wa geti akanipa karatasi, na kapteni bado akasema hapana. Hadaiwi maelezo.

Kwa hiyo nikiingia ndegeni nasimama mlangoni mwa chumba cha marubani, kizingiti sikivuki. Mkononi nina leseni, cheti cha afya na kitambulisho cha kazi. Nataja jina langu na shirika langu, kisha nasema, "Kapteni, naomba lifti mpaka Chicago." Wengi hata hawasubiri nimalize: "Karibu, begi weka hapo." Lakini kuna anayechukua leseni akaisoma neno kwa neno, akanitazama usoni, akaniuliza narusha ndege gani na nimelala saa ngapi. Huyo namheshimu zaidi. Atanipa mgongo kwa zaidi ya saa nzima, mlango ukiwa umefungwa.

Kwenye Boeing 737 kiti chenyewe unakivuta kutoka ukutani na kukishusha mbele ya mlango, kikishashuka hapiti mtu. Mikanda mitano inakutana tumboni: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni, mmoja wa katikati ya mapaja. Rubani msaidizi ananionyesha barakoa ya oksijeni. Unabana vishikio vyekundu, mipira yake inajaa hewa na kutanuka kama pweza, unaivisha kichwani kwa mkono mmoja, ukiachia inakukamata. Kisha ananionyesha madirisha ya pembeni yanavyofunguka, na kamba ya kuteremkia iliyohifadhiwa juu ya kila dirisha. Maelezo hayo nimeshayasikia mara nyingi mno, lakini namsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu pale mimi si abiria. Chini ya futi 10,000 hakuna soga, ni maneno ya kazi tu. Pombe sijaigusa. Na nikiona jambo wao hawajaliona, ndege nyingine inayokatiza njia au swichi iliyosahaulika, ni wajibu wangu kusema.

Sasa tuje kwenye sera za kampuni, ambako ndiko kwenye vurugu yote. Kuna shirika linaloniruhusu kujiandikisha kwa simu tangu jana yake, na lingine linalotaka nifike getini kwa miguu yangu, saa moja kabla, nijiandikishe mbele ya mhudumu. Kuna linalopanga foleni kwa aliyetangulia, ilhali kwa jirani yake, rubani wao akitokea dakika ya mwisho anaruka mbele ya sote, kisha wa kampuni dada, kisha ndiyo sisi wa nje. Hapa suruali ya jinzi safi haina neno, pale bila shati la kola huingii. Ndege za mizigo nazo zina dunia yao. FedEx inakusanya ndege zake Memphis usiku, UPS Louisville, na ukitaka kupanda lazima uwe umeweka nafasi mapema na kufika kabla mizigo haijafungwa. Rubani makini ana daftari la sera hizi zote, na analisahihisha kila mwezi kwa sababu zinabadilika bila hodi.

Tofauti inayoniuma ni moja. Mashirika mengi yanasema hivi: jampsiti ikijaa, au hata kabla haijajaa, rubani mgeni akae nyuma kwenye kiti chochote cha abiria kilicho wazi, na wakiwa watano na viti viko vitano, waingie wote. Mengine yanasema idadi ya marubani wageni isizidi idadi ya viti vya kukunja, basi. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa O'Hare usiku, nimemaliza zamu ya siku nne, mwanangu ana homa nyumbani. Mbele yangu kwenye orodha alikuwapo rubani mmoja wa shirika la mizigo. Ndege ilikuwa na viti tisa vitupu, na jampsiti ilikuwa moja. Yule akaingia, akapewa kimojawapo cha viti vile vya abiria, mimi mhudumu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kanuni ya kampuni yake ni mmoja tu. Nilisimama dirishani nikaiangalia ikisukumwa kurudi nyuma na viti vyake vinane.

Kiti kitupu mlango ukishafungwa hakiuziki tena. Mafuta ya kunibeba mimi na begi langu mpaka Columbus ni kidogo sana. Na rubani wa shirika lile anayeishi Ohio, kesho yake angeomba lifti kwetu na tungempa. Sera ya namna ile inawanyima marubani wao wenyewe bila faida yoyote kwa kampuni, na kila ninapopata nafasi ya kuzungumza na wajumbe wa chama chetu cha marubani wanaoshughulikia jampsiti, nalisema hili waziwazi. Nimeona pia kinyume chake. Kapteni mmoja mtu mzima alipoambiwa orodha imefungwa, alitoka ndegeni, akatembea mpaka getini, akamwambia mhudumu kwamba haondoki na kiti kitupu huku mwenzake amesimama pale. Tuliingia watatu.

Idhini ya kapteni imewahi kutumika kama fimbo pia. Marubani wa shirika la Continental walipogoma mwaka 1983, na wa United mwaka 1985, majina ya walioendelea kurusha ndege wenzao wakiwa wamegoma yaliandikwa kwenye orodha, na orodha hizo zilizunguka kwenye mabegi ya makapteni kwa miaka mingi. Mtu akija mlangoni kuomba lifti, jina lake linatafutwa kwanza. Wapo waliokosa lifti mpaka wakastaafu. Naelewa uchungu wa wagomaji wale, lakini sipendi kiti cha usalama kigeuzwe kuwa mahakama.

Nimesema kiti cha usalama kwa makusudi. Tarehe 7 Aprili 1994, ndege ya FedEx namba 705 iliondoka Memphis ikiwa na mtu kwenye jampsiti. Alikuwa mfanyakazi wao wenyewe, fundi wa ndani ya ndege aliyekuwa akisubiri kikao cha nidhamu, na ndani ya kasha la gitaa alikuwa ameficha nyundo na bunduki ya kuchomea samaki. Aliwapasua vichwa wote watatu waliokuwa wakiirusha ndege, marubani wawili na fundi wao. Walipigana naye huku damu zinawatoka, rubani msaidizi akiiyumbisha DC-10 ili kumwangusha, na wakairudisha Memphis wakiwa hai. Kisha ikaja Septemba 11, 2001, na milango ya chumba cha marubani ikafungwa kwa wageni wote. Tuliobaki nje tulitegemea viti vya abiria mpaka ulipokuja mfumo wa CASS. Mhudumu wa geti anaingiza jina la shirika langu na namba yangu ya kazi, mfumo unauliza kwa mwajiri wangu, na jibu linarudi na picha yangu. Nikiachishwa kazi leo, leo hiihii mfumo unanikataa.

Mfumo ni mzuri, nami nashukuru upo. Lakini unathibitisha ajira, haujui kilichomo moyoni. Tarehe 22 Oktoba 2023, kwenye ndege ya Embraer ya Horizon, kampuni dada ya shirika la ndege la Alaska, iliyotoka Everett kwenda San Francisco kwa jina la Alaska namba 2059, aliyekalia jampsiti alikuwa kapteni halali wa Alaska. Alizungumza na wenzake vizuri tu, kisha ghafla akashika mipini ya kuzima moto wa injini, ile ambayo ukiivuta unakata mafuta. Marubani wakamdhibiti, wakampeleka nyuma, wakatua Portland salama. Baada ya siku ile makapteni wengi walianza tena kusoma leseni zetu polepole. Sijasikia mwenzangu hata mmoja akilalamika.

Kiti hichohicho kimewahi kuokoa. Oktoba 28, 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air ilikuwa inatoka Denpasar kwenda Jakarta, na ndani yake alikuwapo rubani wa tatu, hayuko zamu, kwenye jampsiti. Baada ya kupaa tu ndege ikaanza kujiinamisha pua yenyewe. Wakiwa watatu mle ndani walifika kwenye swichi zinazokata umeme wa mota ya bawa la mkiani, wakaendelea kwa mkono mpaka Jakarta. Asubuhi yake ndege ileile ilipaa na marubani wawili, hitilafu ileile ikarudi, na watu 189 wakafa baharini. Chanzo kilikuwa MCAS, mfumo wa ndege unaoinamisha pua wenyewe, na kitambuzi kibovu, si upungufu wa mtu mle ndani. Lakini nikikaa kwenye jampsiti, mikono yangu ikiwa haina kazi, huwa nawafikiria wale watatu. Asiyeshika usukani ana nafasi ya kuona.

Nimwambie mpwa wangu na upande mchungu, maana ataulizwa siku moja. Lifti ya bure inakudanganya kwamba umbali haupo. Februari 12, 2009, ndege ya shirika la Colgan namba 3407 ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakapoteza maisha, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Rubani msaidizi alikuwa anaishi karibu na Seattle na kufanya kazi Newark. Usiku wa kuamkia siku ile alivuka Marekani nzima kwa ndege za FedEx, Seattle mpaka Memphis, Memphis mpaka Newark, akafika asubuhi, na usiku wake akarusha safari ya mwisho. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, walisema sababu ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza nguvu ya kuelea, na wakasema uchovu huenda uliwapunguzia uwezo wote wawili. Baadaye zikaja kanuni mpya: kwa kawaida saa 1,500 za kuruka kabla ya kuajiriwa, na kuanzia Januari 2014 angalau saa 10 za mapumziko kati ya zamu. Safari ya kutoka nyumbani hazikuigusa. Hiyo waliiacha kwa dhamiri ya rubani mwenyewe, na ndiyo maana yule kapteni akiniuliza nimelala saa ngapi sioni kama ananichunguza.

Mpwa wangu aliuliza pia kama ataweza kufanya hivi akija kuajiriwa nyumbani. Nje ya Marekani wafanyakazi wa ndege husafiri zaidi kwa tiketi za ZED, punguzo ambalo mashirika mengi duniani yamekubaliana kupeana. Unalipa kidogo, unakaa na abiria, na kiti kikikosekana unabaki. Mlango wa chumba cha marubani, kwa rubani wa shirika jingine, ni habari tofauti kabisa.

Mimi sasa siombi tena lifti ya asubuhi ya kazi. Karibu na O'Hare tunapanga nyumba moja marubani tisa, vitanda vya juu na chini, kila mtu na shuka zake. Jumatano hii ndege yangu ya kwanza inaondoka saa 12 asubuhi. Nimejiandikisha kwa ndege ya Jumanne jioni kutoka Columbus, na kwa nyingine inayoifuata, endapo ya kwanza itakuwa ya shirika la mmoja tu.