Kutembea na Mwenzio kwa Mwendo wa Starehe Ni Mazoezi: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Lamu

Tangu wahamasishaji wa afya ya jamii waanze kupita nyumba kwa nyumba na mashine za kupimia presha na sukari, malalamiko yanayotufikia yanafanana. Mtu amepimwa, ameambiwa presha iko juu, ameshauriwa afanye mazoezi, naye akasikia "ukakimbie". Bibi wa Mkomani mwenye wajukuu atakimbilia wapi, na buibui lake, katika uchochoro ambao punda wawili wenye mizigo hawapishani? Hakuna aliyeambiwa akimbie. Kinachotakiwa ni kutembea kwa mwendo usiomtesa mtu, na ikiwezekana awe na mwenziwe.

Wengine hujibu: "Lamu hakuna magari, sisi twatembea tosha." Hili tunalisikia kila siku, na kusema kweli linachosha. Mji ulijengwa kwa miguu, ni sawa. Lakini hesabu mwendo wako wewe, usihesabu wa mji. Kutoka nyumbani hadi msikitini ni dakika chache, kutoka msikitini hadi barazani chache zaidi, kisha unakaa na kahawa kuanzia Alasiri mpaka Magharibi. Shela unakwenda kwa mashua. Sokoni unamtuma kijana wa pikipiki. Mzigo ukibebwa na punda, aliyefanya mazoezi ni punda.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa lile sharti la zamani la kutembea dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe, kwa hiyo vipande vifupi navyo vimo. Mwendo wa wastani unaujua hivi: waweza kuzungumza na mwenzio bila kutweta, lakini ukijaribu kuimba kasida pumzi inakatika. Mzee asiyefikia hapo atembee anavyoweza. Atafaidika kuliko aliyekaa. Na wale wanaotuonyesha simu wakisikitika hawajafikisha hatua 10,000, nambari hiyo ilianzia kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua huko Japani mwaka 1965. Si amri ya daktari. Faida huanza mapema zaidi ya hapo.

Misuli ya miguu inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake, yaani kichocheo cha mwili kinachoshusha sukari, haifanyi kazi vizuri. Ndiyo maana matembezi ya baada ya chakula, hata ya dakika chache, huzuia sukari kupanda ghafla. Kwa sisi wa wali wa nazi usiku kisha kitandani, hapo ndipo pa kuanzia. Mishipa ya damu nayo hulegea, na kwa anayetembea mara kwa mara presha hushuka kiasi. Kiasi, nasema. Vidonge ulivyoandikiwa endelea navyo. Kila tunapohimiza mazoezi hutokea watu wakaacha dawa, nao ndio tunaowapokea baadaye kwa kiharusi, mdomo umekwenda upande.

Kuhusu mwenzio, sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: ukijua shoga yako anakungoja mlangoni baada ya Alfajiri, utatoka. Mazungumzo yenyewe huwazuia kwenda mbio kupita kiasi, mradi mwendo uwe wa yule dhaifu. Tena tuna wazee wengi ambao watoto wao wako Mombasa au Uarabuni, wanaopitisha siku nzima bila mtu wa kusema naye. Upweke si jambo dogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kuushughulikia kama tatizo la afya. Na mwenzio ndiye atakayeona uso wako umelegea upande mmoja, mkono hauinuki, au maneno yanatoka mazito. Hizo ni dalili za kiharusi. Hapo ni hospitali mara moja. Kukandwa mafuta nyumbani kutasubiri.

Mwenye presha iliyofika 180 juu au 110 chini asianze matembezi kabla ya kuonwa na daktari. Kifua kikibana, simama. Mwenye sukari avae viatu vilivyofunika vidole, si ndara, akague nyayo akirudi, na kama anatumia insulini awe na kitu kitamu mfukoni. Wanaokwenda Shela, umbali wa kama kilomita 3, waangalie maji: yakiwa yamekupwa mchanga ni mgumu na mwendo ni mwepesi.

Kuhusu kupimwa, tafadhali fuateni utaratibu. Usinywe kahawa, usivute sigara wala kutafuna miraa nusu saa kabla ya kipimo. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, usikunje nne, mkono usawa wa moyo, na usizungumze. Kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili. Kikifika 140 kwa 90 katika siku tofauti, utaelekezwa zahanati au kituo cha afya, ambako huduma ya msingi hulipiwa na mfuko wa serikali, mradi umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili ni kwa kitambulisho cha taifa, kupitia *147# au kwa mhamasishaji wa mtaa wako.

Wanaovuta sigara "njiani tu" wakiwa matembezini wakumbuke kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, pamoja na hospitali na vyombo vya abiria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Mwisho, tumeulizwa mara nyingi kama kutembea pamoja kunahitaji kibali. Kikundi kinachotaka kutambuliwa rasmi husajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022: wanachama wasiopungua 10, katiba, orodha ya majina yenye nambari za vitambulisho, na kumbukumbu za kikao kilichochagua viongozi, zikapelekwe ofisi ya maendeleo ya jamii. Watu wawili wanaotoka Langoni kwenda Mkomani jioni hawahitaji hata kimoja kati ya hivyo, na hawana haja ya kuja kutuuliza.