Kuchora Mtaani Moshi: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Fungua daftari kwenye kibaraza cha duka lolote katikati ya mji wa Moshi. Tazama paa la ng'ambo, chora mstari, tazama tena. Mstari wa tatu haujafika mwisho na tayari kuna mtu amesimama nyuma yako, na swali lake halihusu sanaa hata kidogo. Anataka kujua: "Mnabomoa lini?"

"Anayetazama nyumba huku anaandika, huyo ametumwa"

Kati ya dhana zote hii ndiyo kubwa, na haikuzuka hivihivi. Nchi yetu hii, mtu anayekodolea jengo macho, akainama kuandika, akainua kichwa tena, mara nyingi ni wa ardhi, wa barabara au wa mapato. Watu wameshaona kuta zikipigwa X nyekundu na tingatinga likafuata. Kwa hiyo mwenye duka akikukazia macho usimwone mkorofi. Anapiga hesabu ya hasara.

Wageni wengi wa kazi hii hudhani dawa ni kujificha: kukaa nyuma ya nguzo, kufunika daftari kwa mkono, kuchora kwa wizi. Hapo ndipo maneno yanapoanzia. Anayejificha ana la kuficha. Kaa mahali ambapo kila apitaye anaona ukurasa wako, na uombe kabla hujakaa.

"Mangi, habari za kazi? Naomba nikae hapo kibarazani nichore upande ule."

"Kuchora ya nini?"

"Kumbukumbu tu, mangi. Niko safarini."

"Kaa, ila usinizibie mlango."

Nunua soda kwake. Chupa iliyofika nusu pembeni yako inawaeleza wapita njia mengi kuliko kitambulisho: huyu ni mteja, ana ruhusa, hana haraka. Wakija watoto waache waone. Baada ya muda mwenye duka mwenyewe atatoka nje, atachungulia, na malalamiko yatageuka: "Mbona bango langu hujaliweka?" Liweke. Umeshakubalika.

Upo upande wa pili wa dhana hiyohiyo, nao ndio wenye hatari: kwamba pale kamera inapokatazwa, penseli inaruhusiwa. Mlinzi wa geti hatofautishi, wala usimtarajie atofautishe. Kambi, magereza, vituo vya polisi, mitambo ya umeme, yote hayo yaache. Moshi kuna chuo cha polisi. Kipite kama upitavyo msiba usiokuhusu. Stesheni ya reli nayo, ingia kwanza ofisini useme shida yako, ndipo ukae.

"Sina kipaji, mimi hata duara linanishinda"

Mwaka 2007 Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji mwenye asili ya Hispania anayeishi Seattle, Marekani, alianzisha kundi la mtandaoni la watu wanaochora miji wakiwa palepale mtaani. Kundi hilo likazaa Urban Sketchers, ambalo leo ni shirika lisilo la faida lenye vikundi katika miji mingi duniani. Lina kanuni nane. Ya kwanza inataka uchore ukiwa mahali penyewe, ndani au nje, kwa kutazama kwa macho yako. Nyingine inataka uwe mkweli kwa kile ulichokishuhudia. Hakuna hata moja inayodai mchoro upendeze. Binafsi naona hapo ndipo walipopatia, kwa sababu aliyekuja na nia ya kupendeza huanza kudanganya tangu paa la kwanza: anaondoa nyaya za umeme, anaondoa ndoo, anaondoa bodaboda wanne waliopaki chini ya mwarobaini, mwishowe anabaki na mji ambao haupo.

"Mlima ni kofia nyeupe inayoufunika mji"

Hapa nitakaa kidogo, maana kila anayepita Moshi na daftari huutaka mlima Kilimanjaro, na karibu kila mmoja huuchora anavyoujua badala ya anavyouona.

Kwanza kimo. Wengi huuchora umepanda hadi ukingo wa juu wa karatasi, mwembamba na uliochongoka. Basi fanya hivi: simama mahali wazi, nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, weka sehemu ya chini ya ngumi usawa wa macho yako. Kilele cha Kibo kitaishia karibu na juu ya ngumi. Ngumi moja tu. Hesabu haina uchawi: kilele kina mita 5,895, mji uko mita mia nane na ushee, na kati yako na kilele kuna kilomita kama 30 kwenda kaskazini. Mlima unaopanda mita 5,000 ukiwa mbali hivyo hauinuki zaidi ya nyuzi 10. Ghorofa la ng'ambo ya barabara linauzidi kwa urahisi, ndiyo maana mitaa mingi ya katikati ya mji huuoni kabisa, kisha unapinda kona moja na huo hapo umeziba mwisho wa barabara.

Sasa geuza ngumi upande. Kutoka Kibo hadi Mawenzi, ule wenye meno kulia kwako, ni kama ngumi mbili. Mawenzi una mita 5,149, kwa hiyo ukae chini kidogo ya Kibo. Yaani umbali kati ya vilele viwili ni mara mbili ya kimo chote, na bado hujahesabu miteremko inayoendelea kulia na kushoto. Mlima huu ni mpana. Daftari ulishike kwa ulalo.

"Si nitapiga picha na simu nikachore hotelini?" Jaribu uone. Lenzi ya simu ni pana, inameza barabara nzima na kuusukuma mlima nyuma. Kwenye kioo utauona kama kichuguu juu ya mabati. Mkono unaukuza, simu inaudogosha. Ngumi ndiyo shahidi wa haki.

Halafu hiyo theluji. Chupa, fulana na mabango vimetuzoesha kofia nyeupe iliyokamilika hadi mabegani. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ulipoteza asilimia 85 hivi ya eneo lake la barafu. Unachokiona leo kutoka mjini, siku ambayo haikunyesha theluji mpya usiku, ni mabaka na michirizi meupe kwenye mwamba wa kijivu na kahawia. Kwa hiyo usianze na weupe. Anza na umbo la mwamba, kisha acha karatasi ikiwa tupu pale tu penye barafu. Asubuhi jua linatokea upande wa Mawenzi, kulia. Mikunjo ya mlima inapata kivuli upande wa kushoto. Jioni ni kinyume chake.

Na saa. Mgeni huamka saa tatu, anakunywa chai taratibu, anatoka saa nne na kuuliza mlima uko wapi. Umeshafunika. Jua likipasha moto miteremko, hewa yenye unyevu inapanda kutoka msituni, inapoa na kuwa mawingu, na yale mawingu hujipanga katikati ya mlima hadi alasiri. Nafasi nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tatu, kisha tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Hapo utasikia watu wakisema mlima umefunguka, na hata wazaliwa wa hapa wanasimama kutazama. Masika unaweza kukaa siku kadhaa usiuone. Chora mawingu basi; nayo ni Moshi.

"Bila vifaa vya kutoka nje ni kupoteza muda"

Kweli ipo kidogo. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ni gramu 80 kwa mita ya mraba, na ya rangi za maji huwa 300. Ukimwaga maji kwenye kaunta buku ukurasa utajikunja na rangi itatokea upande wa pili. Lakini steshenari yoyote Moshi ina manila. Nunua shiti mbili, wakukatie vipande vinavyoenea mkononi, vibane kwenye kipande cha ubao kwa vibanio vya nguo. Manila inastahimili maji kidogo, mradi usiisugue.

Kwa kalamu, chukua peni ya kawaida ya shuleni. Wino wake ni wa mafuta, hautiririki ukipitisha brashi yenye maji juu yake, tofauti na peni nyingi za jeli zinazogeuka tope la bluu. Udhaifu wake ni kwamba unapauka ukianikwa kwenye mwanga muda mrefu, kwa hiyo mchoro ubaki daftarini, usiutundike dirishani. Rangi? Kikombe kimoja cha kahawa nzito ya kijiweni kinatosha kwa vumbi, kwa kutu ya mabati, kwa magogo na kwa kivuli cha chini ya kibaraza. Pitisha mara moja upate hudhurungi nyepesi, acha ikauke, rudia panapotakiwa giza. Na katika mji uliojijengea jina kwa kahawa kuliko kitu kingine, sioni aibu yoyote kuichorea.

Beba chupa ya kumwagia maji machafu. Moshi wanajivunia usafi wa mji wao, na kumwaga maji ya rangi barabarani ni njia ya haraka ya kupoteza ukarimu wa mangi aliyekupa kibaraza.

"Watu hawatulii, huwezi kuwachora"

Hawatulii, lakini wanarudia. Nenda Mbuyuni sokoni umwangalie mama anayepanga ndizi. Anainama, anachukua chane, anaigeuza kutafuta iliyopondeka, anaiweka, anajifuta mikono kwenye kanga, anainuka kumjibu mteja. Kisha anainama tena, mgongo uleule, goti lilelile. Anza na mgongo. Akiinuka, hamia kwa jirani yake. Akiinama tena, rudi umalizie mkono. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na watu watatu walioanzwa kwa pamoja, na yeyote atakayeondoka kabla hujammaliza mwache hivyohivyo.

Kitu kimoja kinaokoa michoro mingi ya sokoni. Ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare, macho ya watu wa kimo chako yote yako kwenye mstari mmoja na macho yako, aliye karibu na aliye mwisho wa soko. Kinachopanda na kushuka ni miguu. Ukiketi kwenye kreti la soda, mstari huo unashuka na kuwapitia wote karibu na kiuno. Uchore kwanza huo mstari kwa penseli, hafifu, ndipo uwatundike watu juu yake. Asiyeujua hupanga vichwa vya mbali chini zaidi na zaidi, na soko lote likaonekana linateremka bondeni.

Kuhusu ruhusa, msimamo wangu ni huu: migongo na umati chora, sura inayotambulika omba. Na kuomba kunaanza na salamu, si na daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unanichora mimi? Hiyo picha inaenda wapi?"

Mjibu ukweli, umwoneshe. Huenda akakataa, na hilo limeisha. Huenda akataka hela ya soda. Mimi huona ni heshima zaidi kununua ndizi zake kwa bei yake. Mara nyingi atacheka na kuwaita wenzake: "Jamani, njooni muone, kaninenepesha huyu!"

"Chora vivutio, ndivyo vya maana"

Mnara wa saa kwenye kipilefti ni mzuri, sikatai. Jengo la KNCU lina historia nzito, ya ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933. Stesheni ni ya reli iliyotoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi huko Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20. Vichore. Ila ukimaliza, vuka barabara uchore cherehani iliyo nje ya duka la vitenge, na wazee wa drafti. Mnara utaukuta kwenye kila kadi ya posta.

"Safarini hakuna muda, na mchoro lazima umalizike palepale"

Haisi ya Arusha haiondoki mpaka ijae. Huo ndio muda. Stendi si mahali pa kunyanyua simu hovyo, wakati kibaka hana shida na daftari lako. Chora mstari wa mabati, mzigo ulio juu ya keria, kichwa cha konda dirishani. Rangi usihangaike nazo. Andika pembeni kwa maneno: "paa kutu, mlango kijani cha zamani, anga nyeupe kulia". Kanuni ya kuchora palepale inahusu kutazama. Kupaka rangi jioni ukiwa umefika, kwa kufuata ulichokiandika mwenyewe, ni halali. Usichokiona tu ndicho usikiongeze, hata kama ni mlima na siku hiyo ulikuwa umefunika.