Ukubwa wa freti na jinsi gitaa linavyokaa mkononi

Freti ni vile vijiti vya metali vilivyokingama kwenye shingo ya gitaa, na ukubwa wake una vipimo viwili: kimo na upana. Kimo hupimwa kutoka kwenye ubao hadi kileleni, pale uzi unapolala ukibonyezwa. Upana hupimwa chini, freti inapokutana na mbao. Kuna pia mkia unaopigiliwa ndani ya mfereji wa ubao, lakini huo ni shughuli ya fundi. Kidole hakikutani nao.

Shida ni kwamba madukani vipimo hivi viwili hufungwa ndani ya jina moja. Utasikia freti za kizamani, midiamu jumbo, jumbo. Mpigaji anaambiwa gitaa lina freti kubwa, ananunua, kisha anashangaa mbona vidole bado vinakwaruza ubao. Jina lilimwambia upana, naye alichokuwa anatafuta ni kimo.

Tazama nyaya nne za freti za kampuni ya Dunlop ya Marekani. Ile yenye namba 6230, ya mtindo wa magitaa ya Fender ya zamani, ina upana wa karibu milimita 2.0 na kimo cha 1.1. Namba 6150, inayouzwa kama midiamu jumbo, ina upana wa 2.6, lakini kimo chake ni kilekile cha 1.1, kwa kweli chini kidogo. Namba 6105 ina upana wa 2.3 na kimo cha 1.4. Namba 6100, jumbo yenyewe, ina upana wa 2.8 na kimo cha 1.4. Kwa hiyo anayetoka 6230 kwenda 6150 amepata freti nene, ila kidole chake kiko karibu na mbao vilevile. Anayekwenda 6105 amepata kitu kingine kabisa, ingawa freti zake bado zinaonekana nyembamba.

Tofauti ya 1.1 na 1.4 ni milimita 0.3, unene wa karatasi tatu au nne za daftari. Inaonekana haina maana mpaka uvute uzi. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, freti ya kumi na mbili, uusukume juu mpaka sauti ipande toni nzima. Freti ikiwa fupi, nyama ya ncha ya kidole inalala kwenye ubao na kuburuzika nao njia nzima, na kucha inagonga nyuzi za jirani kwa sababu kidole hakiwezi kuingia chini yake. Freti ikiwa ndefu, nyama haifiki kwenye mbao, au inaugusa ubao kidogo tu. Kidole kinaushika uzi kwa ubavu, unapanda bila kuchomoka. Kutikisa sauti nako kunakuwa rahisi kwa sababu hiyohiyo.

Kuna wapigaji waliolifikisha jambo hili mwisho wake. Ritchie Blackmore wa Deep Purple na Yngwie Malmsteen wa Sweden wanajulikana kwa magitaa ambayo mbao katikati ya freti imechongwa ikawa kama bonde. Freti haikuongezwa kimo. Ubao ndio ulioshushwa. Kwa kidole, ni kitu kilekile.

Sasa gharama yake. Sauti ya uzi hupanda ukikazwa, na uzi hukazwa kila unaposukumwa chini kupita kilele cha freti. Kwenye freti fupi ubao unakuzuia mapema: hata ukibonyeza kwa hasira, hakuna pa kwenda. Kwenye freti ndefu nafasi ipo, na mkono mzito unaitumia yote. Sauti inatoka juu ya ilipopaswa kuwa, na kwa kuwa kila kidole kinabonyeza kwa nguvu yake, kordi nzima inasikika imechacha ingawa gitaa limetyuniwa vizuri.

Jaribio lake ni rahisi. Washa tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti za nyuzi, shika kordi ya E ya kawaida pale mwanzo wa shingo, kisha piga uzi wa tatu peke yake, ule ulioshikwa kwenye freti ya kwanza. Kwanza bonyeza kidogo, kiasi cha sauti kutoka safi tu. Halafu bonyeza kama unavyobonyeza ukiwa jukwaani na bendi imepamba moto. Tazama mshale ulivyokimbia. Mwanzo wa shingo ndipo kosa hili linapojitokeza vizuri, kwa kuwa nafasi ni pana: kwenye gitaa la mtindo wa Stratocaster, lile la umeme la Fender, kutoka mwanzo wa uzi hadi freti ya kwanza ni kama milimita 36, wakati kutoka freti ya 12 hadi ya 13 ni 18 tu. Kidole kikikaa nyuma ya freti, karibu kabisa nayo, uzi hauna pa kuzama.

Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza: pima mkono wako kabla hujapima freti. Mwenye mkono mwepesi atafaidi freti ndefu. Mwenye kukaba shingo atapiga nje ya sauti kila usiku bila kujua kinachomsumbua.

Upana hauna uzito kama huo, kwa maoni yangu, ila una kazi yake. Freti pana ikiwa mpya huchongwa mgongo wa mviringo, na uzi hulala katikati. Ikilika, mgongo unakuwa bapa, uzi unakuja kukalia ukingo wa mbele badala ya katikati, na sauti inasogea. Freti nyembamba haionyeshi sana makosa haya, ila ikiwa ndefu na nyembamba unaihisi kila unapoteleza kidole.

Wapiga rumba na dansi hilo la kuteleza wanalielewa haraka. Kwenye sebene, gitaa la solo hucheza jozi za nyuzi zinazoenda pamoja, juu kwenye shingo, kwa kasi, kipande kilekile kikirudiwa na kurudiwa. Kuvuta uzi ni kidogo. Kuteleza na kurukaruka ndiko kwingi. Hapo freti ya kimo cha wastani, iliyong'arishwa vizuri, inampa mtu zaidi kuliko jumbo, na ile jozi inabaki sawa kwa sauti hata vidole viwili visipobonyeza kwa nguvu moja. Kwa upande wa pili yuko Stevie Ray Vaughan, aliyepiga bluzi kwa nyuzi nene, zinazoanzia inchi 0.013, zilizoshushwa nusu toni, juu ya freti za jumbo. Kazi yake ilikuwa kuvuta, na freti zake zilikuwa za kazi hiyo.

Kampuni ya Gibson walipotoa gitaa la Les Paul Custom mwaka 1954 waliiwekea freti fupi na bapa, na ikapewa sifa ya Fretless Wonder, yaani ajabu isiyo na freti. Kwa kordi za jazi na kuteleza ilikuwa raha. Wavuta nyuzi walilalamika, na baadaye Gibson wenyewe wakahamia freti kubwa.

Ukishika gitaa la mtumba, usilihukumu kwa jina la freti zake. Freti ya nikeli, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, huliwa na nyuzi, na kila fundi akisawazisha anapunguza kimo. Jumbo iliyosawazishwa mara kadhaa inaweza kuwa fupi kuliko ya kizamani iliyo mpya. Mpe fundi apime kwa kipimio cha milimita, freti ya kwanza, ya tano na ya kumi na mbili. Na ukiamua kubadilisha uweke ndefu, mwambie akague kile kipande cha mfupa au plastiki kinachoshika nyuzi mwanzo wa shingo. Freti zikipanda nacho kikabaki chini, nyuzi zikipigwa wazi zitagonga freti ya kwanza, kwa hiyo huenda ukahitaji kipya.