Hiyo siyo fotokopi jamani

Juzi tena mtu kanitumia picha ya mti wa Kolbe, mchoraji wa zamani wa Ujerumani aliyechapa michoro yake kwa bamba la shaba, mti ule uliojaa majani mpaka huoni anga, halafu ananiuliza "sasa orijino iko wapi, hii si ni kopi tu?" Aisee nimelichoka hili swali. Orijino ndiyo hiyo hiyo, yenyewe na wenzake wote waliotoka kwenye bamba moja. Rasimu ya penseli mara nyingi ilikuwepo, sawa, lakini rasimu haina weusi ule.

Kwa haraka, uchapaji huu uko hivi: bamba la shaba linapakwa nta, unachora juu yake kwa sindano, halafu linatiwa kwenye asidi. Sindano haikati shaba, inakwaruza nta tu, kazi ya kula chuma ni ya asidi. Kwahiyo mlima wa mbali unaofifia kama ukungu, mistari yake ilitolewa kwenye asidi mapema ikazibwa na vanishi asidi isiifikie tena, bamba likarudishwa ili magome ya mti wa mbele yaliwe zaidi. Unakaa hapo na unyoya unafagia vipovu, ukichelewa mistari iliyobanana inaungana inakuwa dimbwi na wino haukai.

Halafu kufuta wino kabla ya kugandamiza karatasi juu ya bamba, na hapa ndipo watu wananiudhi wakidhani ni kubonyeza kitufe. Unapaka wino bamba zima, unafuta na kitambaa cha matundu matundu kama chandarua, mwisho unapitisha kiganja, wino unabaki ndani ya mistari. Ukiacha utando mwembamba pale angani, jioni imeingia. Ukifuta mpaka shaba ing'ae, ni saa sita mchana, na bamba ni lile lile! Nikitoa chapa kumi hazifanani hata mbili.

Ila kuna kitu kinanisumbua kweli. Crome, mchoraji wa Norwich huko Uingereza, alifariki 1821, mabamba yake yakachapishwa 1834. Sasa anga lile nani alilifuta? Na Turner, mchoraji mwingine wa Uingereza, kwenye Liber Studiorum, mfululizo wake wa picha za kuchapwa (1807 hadi 1819, mabamba 71), mengi alichora mistari mwenyewe, vivuli wakatia mafundi wa kulipwa. Mkono wa nani huo? Mimi nasema bado ni kazi ya Turner, lakini kuna siku naitazama na sina uhakika.

Ukibahatika kushika moja, iinamishe kwenye mwanga wa dirishani. Utaona wino umesimama juu ya karatasi kama uzi, na kama kingo hazijakatwa, utaona pale bamba lilipobonyea, ukipitisha kidole unalisikia.